Uzi: Samoni huhesabiwa mtoni, lakini idadi yao huamuliwa baharini

Bandiko la 1 – Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu nyote. Naleta mada ambayo kwa wengi wetu inaweza kuonekana iko mbali, lakini kwa sisi tuliohamia pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini ni habari ya kila mwaka: kwa nini samoni wanaorudi mtoni wakati mwingine huwa wengi kupita matarajio, na wakati mwingine huwa wachache kiasi cha serikali kupiga marufuku uvuvi.

Mjadala wa huku mara nyingi huanzia mtoni na kuishia mtoni. Samoni wakipungua, lawama huangukia mabwawa ya umeme, ukataji wa misitu na wakulima wanaovuta maji ya kumwagilia. Wakiongezeka, kila taasisi hujitokeza kudai kwamba hiyo ni kazi yake. Hoja yangu ni kwamba idadi ya samoni wanaoonekana mtoni mwaka huu iliamuliwa kwa sehemu kubwa baharini miaka miwili au mitatu iliyopita, tena katika majuma machache tu tangu samaki hao walipoonja maji ya chumvi kwa mara ya kwanza. Anayesoma hesabu ya mtoni bila kuuliza bahari ilikuwa katika hali gani wakati ule anasoma nusu ya habari.

Kwa asiyemfahamu samaki huyu, samoni wa Bahari ya Pasifiki huzaliwa kwenye changarawe za mito na vijito vya maji baridi, hukaa humo kwa majuma kadhaa au hata mwaka na zaidi kutegemea aina yake, kisha huteremka hadi baharini, ambako hupata karibu uzito wake wote. Mwishowe hurudi kutaga mayai katika mto uleule aliozaliwa, na baada ya kutaga hufa. Samoni pinki hukamilisha mzunguko huo kwa miaka miwili kamili, koho kwa kawaida mitatu, sokai mara nyingi minne, na Chinook, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, anaweza kuchukua mitatu hadi saba.

Jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa. Ili ukoo usipungue, inatosha wawili tu kati ya hao warudi kutaga, na hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Chukua vijana wa samoni milioni moja wanaoteremka Mto Columbia kuingia baharini: wakirudi asilimia moja, ni samaki 10,000, wakirudi asilimia nne, ni 40,000. Tofauti ya asilimia tatu haionekani kubwa, lakini ndiyo inayotenganisha mwaka wa neema na mwaka wa kufunga uvuvi.

Bandiko la 2 – Mleta mada (mwendelezo)

Jambo la kwanza la kuelewa ni upepo. Katika pwani ya jimbo la Oregon, Marekani, majira ya baridi upepo huvuma kutoka kusini na kuyasukuma maji ya juu kuelekea nchi kavu. Majira ya machipuko yanapoingia, upepo hugeuka na kuanza kuvuma kutoka kaskazini. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja bali hupinda kuelekea kulia, yaani mbali na pwani, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini yakiwa yamejaa virutubisho. Virutubisho hivyo vikikutana na mwanga wa jua, mimea midogo sana ya baharini hustawi, wanyama wadogo huila mimea hiyo, na samoni mchanga, ambaye wakati huo hata kiganja cha mkono huenda asikijaze, hukuta chakula tele.

Kama upepo ukichelewa kugeuka, samoni hawachelewi pamoja nao. Wao huteremka kwa kufuata urefu wa mchana, joto la maji na wingi wa maji ya mto, mambo ambayo hayana habari na upepo wa baharini. Mwaka 2005 maji baridi yalichelewa kupanda kwa kiwango kisicho cha kawaida. Sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini ilingoja hadi Julai. Vijana wa Chinook wa Mto Sacramento, California, waliokuwa wameteremka miezi kadhaa kabla, walikuta bahari haina chakula. Ndege wa baharini wa visiwa vya Farallon, wanaotegemea krili (viumbe wadogo wa baharini wanaofanana na uduvi), nao walishindwa kulea makinda mwaka huo. Mwaka 2006 haukuwa na nafuu kubwa. Matokeo yakaonekana mtoni mwaka 2007 na hasa 2008, ambapo samoni wa vuli waliorudi Sacramento walikuwa takriban 66,000 tu, na uvuvi wa baharini wa California ukafungwa mwaka 2008 na 2009.

Jambo la pili, na kwangu mimi ndilo lenye utamu zaidi, ni ubora wa chakula chenyewe. Mtafiti Bill Peterson wa NOAA, shirika la Marekani la masuala ya bahari na hali ya hewa, alianza mwaka 1996 kupima maji katika mstari mmoja unaotoka mji wa Newport, Oregon, kuelekea bahari kuu, na kazi hiyo imeendelea karibu kila baada ya majuma mawili hata baada ya yeye kufariki mwaka 2017. Chombo hushusha wavu wenye matundu madogo mno, na kinachonaswa hupelekwa maabara kuhesabiwa chini ya hadubini. Humo wamo kopepoda, viumbe jamii ya kamba wenye ukubwa wa chembe ya mchele au chini ya hapo. Kopepoda anayeletwa na maji ya kaskazini hujilimbikizia mafuta ili avumilie majira marefu ya baridi, na mafuta hayo huonekana wazi kupitia mwili wake usio na rangi. Yule anayeletwa na maji ya joto kutoka kusini huwa mdogo na hana akiba hiyo. Samoni hategemei sana kopepoda moja kwa moja, bali hula krili na samaki wadogo waliowala. Hata hivyo mafuta hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwake. Samaki mchanga mwenye mafuta hukua haraka, humkimbia adui, na huingia kipindi cha baridi akiwa na akiba.

Kutokana na vipimo hivyo na vinginevyo, NOAA hutunza jedwali lenye rangi za kijani, njano na nyekundu, kama taa za barabarani, likionyesha kila mwaka bahari ilikuwaje kwa samoni waliokuwa wanaingia. Ukitaka kujua kwa nini mto ulijaa au ulikauka samaki, soma rangi za miaka miwili nyuma.

Bandiko la 3 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa somo, lakini naomba nikupe changamoto. Miaka ambayo bahari ni mbaya mara nyingi huwa ni miaka ya ukame nchi kavu pia. Unajuaje kwamba vijana hao hawakufia mtoni kabla hata ya kuiona bahari? Isije ikawa tunaipa bahari lawama kwa sababu haina wakili.

Bandiko la 4 – Mleta mada

Mkuu, swali lako ni la haki, na jibu langu ni Mto Fraser wa Kanada, ambao mkondo wake mkuu hauna bwawa hata moja. Mwaka 2009 wataalamu walitabiri kwamba sokai zaidi ya milioni 10 wangerudi. Waliorudi walikuwa takriban milioni moja na nusu. Taharuki ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji Bruce Cohen. Tume hiyo ilipokuwa bado inajipanga kusikiliza mashahidi, mwaka 2010 wakarudi sokai karibu milioni 30, wingi ambao haukuwa umeonekana tangu mwaka 1913.

Ni kweli kwamba sokai wa Fraser wana mzunguko wa miaka minne, na 2010 ulikuwa mwaka wa ukoo mkubwa wa Mto Adams, ulio katika bonde la Fraser, kwa hiyo wengi walitarajiwa. Lakini hata utabiri uliozingatia mzunguko huo haukutegemea kiasi kile. Vijana waliorudi 2009 walikuwa wameingia baharini mwaka 2007. Katika Ziwa Chilko, mojawapo ya sehemu ambako huhesabiwa wakiondoka, walikuwa wengi kuliko kawaida, maana yake mto ulikuwa umefanya kazi yake. Waliorudi 2010 waliingia baharini mwaka 2008, mwaka ambao maji ya Pasifiki ya kaskazini mashariki yalikuwa baridi sana. Kilichobadilika sana kati ya makundi hayo mawili kilikuwa nje ya mlango wa mto.

Ushahidi mwingine samaki huubeba mwenyewe. Gamba la samoni lina mistari ya duara inayoongezeka kadiri anavyokua; anapokula vizuri mistari huachana, na anapokuwa na njaa hubanana. Magamba ya samaki waliorudi yakikaguliwa, huonyesha kwamba walionusurika ni wale waliokuwa wakubwa zaidi mwishoni mwa miezi ya kwanza baharini. Wadogo hawaonekani kwenye sampuli kwa sababu hawakurudi.

Bandiko la 5 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Nimefuatilia kwa makini. Sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi tunaishi kwa kusi na kaskazi, na mvuvi yeyote wa Lamu anajua kwamba upepo ukigeuka bahari nayo hugeuka. Je, kwetu kuna upandaji wa maji baridi wa namna hiyo, na je, tuna samaki anayehama kati ya mto na bahari?

Bandiko la 6 – Mleta mada

Ndiyo kwa yote mawili. Kusi inapovuma kwa nguvu, pwani ya Somalia hupata mojawapo ya upandaji mkubwa wa maji baridi duniani, kwa kanuni ileile ya maji kupinda kulia na kuiacha pwani. Na mkunga wa mito yetu, anayepatikana hata katika Tana na Athi, huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mtoni kukua kwa miaka mingi, na hurudi baharini kutaga; safari yake ni kinyume cha ile ya samoni. Samaki aina ya trauti aliyepandikizwa na wakoloni katika vijito vya Mlima Kenya ni wa jenasi moja na samoni wa Pasifiki, na huko kwao wapo trauti wa aina hiyohiyo wanaokwenda baharini na kurudi. Nisiende mbali zaidi hapo, maana mada ni samoni.

Bandiko la 7 – Mchangiaji

Mimi swali langu ni la njia. Bahari haina alama. Samaki aliyekwenda kula karibu na Alaska anaujuaje mlango wa mto wake, na je, hali ya bahari inaweza kumpoteza?

Bandiko la 8 – Mleta mada

Safari ina sehemu mbili. Akishaufikia mto, hutumia harufu: Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha tangu miaka ya 1950 kwamba samoni huhifadhi akilini harufu ya maji aliyokulia, na miaka ya 1970 majaribio ya Ziwa Michigan yalifanikiwa kuwavuta koho kwenye vijito vilivyotiwa kemikali waliyozoeshwa wakiwa wachanga. Katika bahari kuu harufu hiyo haifiki, na hapo inaonekana hutumia uga wa sumaku wa dunia.

Fraser tena inatupa mfano mzuri. Mbele ya mlango wa mto huo kipo Kisiwa cha Vancouver, na samoni anayerudi lazima achague kukizunguka kwa kaskazini, kupitia mlango wa bahari wa Johnstone, au kwa kusini, kupitia Juan de Fuca. Utafiti ulioongozwa na Nathan Putman, uliochapishwa mwaka 2013, ulichambua takwimu za uvuvi za miaka 56 na kukuta kwamba samaki walipendelea zaidi njia ambayo nguvu ya sumaku yake ilikaribiana na ile waliyoikuta mlangoni mwa mto miaka miwili kabla, walipokuwa wanaondoka. Lakini joto la bahari nalo lilikuwa na sauti: katika miaka ya maji ya joto, samaki wengi zaidi hupita kaskazini. Jambo hili lina siasa ndani yake, kwa kuwa njia ya kaskazini iko yote ndani ya Kanada, ilhali ile ya kusini inapakana na Marekani. Bahari ikipata joto, mvuvi wa Marekani huwakosa samaki ambao hawajapungua hata mmoja.

Bandiko la 9 – Mchangiaji

Nami nina dukuduku. Hoja ya bahari inapendwa sana na wenye mabwawa. Samaki wa Mto Snake, unaoingia Columbia, anapita mabwawa manane hadi kufika baharini. Ukisema kila kitu kimeamuliwa baharini, si unawapa watu hao kisingizio?

Bandiko la 10 – Mleta mada

Mkuu, umegusa penyewe. Nimesema kwa sehemu kubwa, sikusema kila kitu, na napenda nieleze kwa nini bahari haimwondolei mtu yeyote hatia.

Mto na bahari havijumlishwi, vinazidishwa. Kama mabwawa yameua nusu ya vijana, basi hata bahari iwe nzuri namna gani, itawarudisha nusu ya wale ambao wangerudi. Ukoo ulio imara huvuka miaka mitatu minne ya bahari mbaya. Ukoo uliokwisha kudhoofishwa mtoni hufika ukingoni. Sokai wa Ziwa Redfish, Idaho, ambao hupanda zaidi ya kilomita 1,400 hadi mwinuko wa karibu mita 2,000, waliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1991, na mwaka 1992 alirudi dume mmoja peke yake. Bahari ya kipindi kile haikuwa nzuri kwa pwani hii, lakini kuna mito mingine iliyopita katika bahari ileile bila kufika huko.

Vilevile samoni anayerudi huacha kula anapoingia mtoni. Safari yote ya kupanda, kupigania nafasi, kuchimba kiota na kutaga hugharimiwa na mafuta aliyoyaleta kutoka baharini. Akifika amekonda kisha akakuta mto wenye joto, hawezi kungoja. Mwaka 2015 yalikutana mambo mawili: joto kubwa lililotanda Pasifiki ya kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa 2013, ambalo mtaalamu wa hali ya hewa Nick Bond alilipa jina la “Blob”, na nchi kavu theluji ilikuwa haba, hivyo Columbia ukapata joto mapema. Sokai wapatao 250,000 walifia njiani wakiwa wamekwisha rudi. Hao bahari ilikuwa imewalea na kuwarudisha; mto ndio uliowamaliza, na maji yaliyotuama nyuma ya mabwawa hayakusaidia.

Kwa hiyo mwenye bwawa akidai mwaka wa samaki wengi ni ushahidi wa ngazi zake za samaki, mwulize bahari ilikuwaje. Bwawa la Bonneville katika Mto Columbia lilihesabu zaidi ya Chinook 900,000 wa vuli mwaka 2013, na wengi wao walikuwa wameingia baharini katika miaka ya maji baridi.

Bandiko la 11 – Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: bahari baridi ni heri, bahari ya joto ni balaa?

Bandiko la 12 – Mleta mada

Kwa Oregon, Washington na California, karibu ndiyo. Kwa Alaska, sivyo. Mwaka 1977 Pasifiki ya kaskazini ilipogeuka na kuingia kipindi kirefu cha joto upande wa pwani, uvuvi wa Alaska ulistawi huku ule wa Columbia ukididimia. Mabadiliko hayo ya miongo, ambayo Steven Hare, Nathan Mantua na wenzao waliyaeleza mwaka 1997, yalikuwa kwa muda mrefu ndiyo kipimo ambacho kila mtu alikitegemea. Siku hizi uhusiano huo umelegea, kwa sababu bahari yote inapata joto na vipindi vya zamani havijirudii kama vilivyokuwa.

Tazama mwaka 2022: Ghuba ya Bristol, Alaska, ilipokea sokai karibu milioni 79, wingi usio na mfano katika kumbukumbu zake, ilhali katika Mto Yukon wa jimbo hilohilo Chinook walikuwa wachache mno. Mwaka 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kusitisha kuwavua Chinook wa Yukon kwa miaka saba. Jamii za wenyeji zinazoishi kando ya mto huo zimekaa na majiko ya kukaushia samaki yaliyo matupu, huku zikisikia kwamba jirani anavua kupita kiasi cha viwanda kuhimili. Maji ya joto yaliwanufaisha sokai kwa kuharakisha ukuaji wao maziwani, na yakawaumiza samaki wengine.

Bandiko la 13 – Mchangiaji

Swali la mwisho kwa upande wangu: kwa nini wasizalishe vifaranga wengi zaidi na kuwamwaga baharini ili kufidia?

Bandiko la 14 – Mleta mada

Wanafanya hivyo tayari. Nchi zinazozunguka Pasifiki ya kaskazini, yaani Japani, Urusi, Marekani, Kanada na Korea Kusini, humwaga takriban vifaranga bilioni tano kila mwaka. Tatizo ni kwamba malisho ya bahari yana kikomo. Samoni pinki wa Alaska na Urusi huwa wengi zaidi katika miaka ya witiri, na katika miaka hiyo watafiti huona sokai wakikua polepole zaidi, kwa sababu wanagombea chakula kilekile. Kuongeza midomo katika mwaka ambao maji baridi hayakupanda ni kuwapunja wote, na kwa maoni yangu ni njia ghali ya kuwalisha ndege na sili.

Tena bahari inaweza kumharibu samaki kwa njia ambayo hakuna kituo cha kuzalisha samaki kilichoitarajia. Mwaka 2020 vituo vya bonde la kati la California viliona vifaranga wa Chinook wakiogelea kwa kuzungukazunguka na kufa. Ilibainika kwamba hawakuwa na vitamini B1 ya kutosha, na walipotiwa kwenye maji yenye vitamini hiyo walipata nafuu. Mama zao walikuwa wamekula kwa wingi aina ya dagaa waliokuwa wametawala pwani ya California miaka hiyo, na dagaa hao wana kimeng'enya kinachoivunja vitamini B1. Sasa vituo huwadunga majike sindano ya vitamini kabla ya kutaga au huyatibu mayai yao. Kwa wale wanaotaga wenyewe kwenye changarawe za mto, hakuna wa kuwafanyia hivyo.